Goti la Pelagia

…labda kosa ni la kijiko chenyewe, Zengo anawaza, kijiko cha plastiki, chekundu kama pilipili, kwake nani anakula kwa kijiko cha namna hiyo, mtoto atakijuaje… lakini kikombe kipo, na mpira upo, vyote vimepangwa kwenye mkeka wa kliniki hapa Bariadi mjini, na huyu Evalina, mtaalamu wa lugha ya watoto, binti mdogo tu, ambaye Zengo anamwita nesi ingawa ameshaambiwa si nesi, anarudia taratibu, "Pelagia, nipe kijiko," na Pelagia wake, mtoto wa miaka mitano, hakiangalii kijiko, anamwangalia baba yake, usoni, mdomoni hasa, na mdomo wa Zengo unaanza wenyewe kuchongoka kuelekea kule kwenye kijiko… "Baba Pelagia, tulikubaliana nini? Usimwoneshe kwa mdomo." "Sijamwonesha, nesi, jino linauma." Jino gani, mwongo we, anaurudisha mdomo mahali pake, mdomo unaojulikana kijiji kizima cha Ngulyati kwa hadithi zake, uliompandisha fisi bodaboda mpaka Nkololo na nauli akalipa, uliomuuza ng'ombe chongo mnadani kwa mtu mwenye macho yake mawili, mtoto wa mwenye mdomo kama huu ataanzaje kukosa maneno, ndivyo alivyomjibu mkewe, Domitila, tangu mwaka juzi, Domitila aliposema, "Baba Pelagia, huyu mtoto anafuata nyuso zetu, maneno hayafuati," naye akasema, "Anafikiri kwanza, mama, amenirithi," amrithi nani, yeye Zengo alifikiri kwanza lini… halafu akasingizia lugha mbili kugongana kichwani, Kisukuma cha nyumbani na Kiswahili cha shule ya awali, lakini leo Evalina amemjaribu kwa Kisukuma pia, Msukuma wa Mwandoya huyu, mambo yakawa yaleyale, na masikio yamepimwa, mazima kabisa, panya akipiga miayo anamsikia, sauti inafika ila maana haifiki, ndivyo alivyosema Evalina, si kiburi, si ujinga, wala hajalogwa, maneno kwake ni kama mvua juu ya bati, unaisikia yote, haikuambii kitu… kumbe miaka yote hii alikuwa anamnyeshea tu… na nani angejua, kwa salamu ile! Akimwona mkubwa, goti chini, mtu akisema mwangaluka, yeye, "Mhola duhu," salama tu, wazee wanatikisa vichwa, Zengo amelea, umekula? mhola duhu, mama yuko wapi? mhola duhu, watu wanacheka, mtoto mpole huyu, na asubuhi hii alipoulizwa jina lake akapiga goti vilevile, mhola duhu, Evalina hakucheka… "Nipe kijiko, Pelagia." Usiende huko, Zengo, usiende kwenye ndama… siku ile anatoka na ng'ombe kwenda kunywesha, akamwambia mtoto, usifungue zizi la ndama, unasikia, usifungue, akarudi akakuta zizi wazi, ndama wamewafuata mama zao, maziwa ya jioni yamekwisha, akachuma fimbo ya mkwaju, kiburi hiki nitakitoa leo, na alipochoka kuchapa mtoto akapiga goti mbele yake, machozi yanatiririka, "Mhola duhu," na yeye, mshenzi mkubwa, akaibeba hadithi hiyo mpaka mnadani, "Jamani, mtoto wangu ana adabu, anachapwa anasalimia!" rafiki yake Selestini akacheka mpaka nyama ikampalia, "Rudia pale pa goti, Zengo, rudia!" naye akarudia, ameirudia masika na kiangazi, akaongeza na kasauti ka mtoto, hadithi tamu kuliko ya fisi… Kijiko bado kiko palepale. Mdomo unachongoka tena, anausikia ukichongoka, anaukamata kwa mkono, na hapo, mkono mdomoni, anaiona siku ile upya, usifungue zizi, alisema hivyo, ndiyo, na mdomo ulikuwa umeelekea wapi, Zengo, mdomo uliuelekeza wapi… zizini, palepale mlangoni, kama kila siku anapomtuma, lete ndoo, mdomo kwenye ndoo, lete kigoda, mdomo kwenye kigoda, na mtoto, mtiifu kuliko watoto wote wa Ngulyati, akaenda moja kwa moja akafungua… alitii, Mungu wangu, alichapwa kwa kutii… "Baba Pelagia," Evalina anauliza kwa upole, "nyumbani asipoelewa huwa anafanyaje?" na Zengo anazidi kuubana mdomo wa fisi na bodaboda chini ya kiganja, na kijiko kiko palepale, na Pelagia anautafuta uso wa baba yake, mdomo haupo, umefunikwa, anahamia machoni, anakuta macho yana maji, na hayo ameshayaona wapi, hajui yanamtuma nini, anasubiri, anasubiri kidogo tena, kisha, taratibu, bila kuambiwa na mtu, goti lake linaanza kukunjika.