Kichwa cha Fundi Waya

Hospitali nzima ilimwita Waya, kwa sababu kazi yake ilikuwa kubandika nyaya vichwani mwa watu na kusoma mawimbi ya ubongo kwenye kioo cha mashine. Mdomo wake ulikuwa mwepesi. Mgonjwa akiogopa, humwambia, "Usijali, siri zako sizioni. Naona milima na mabonde tu." Lakini leo aliyelala kitandani alikuwa dada yake mkubwa, aliyemlea tangu akiwa mchanga, na utani wote ulimwisha.

Mistari yote ilinyooka. Hakuna mlima, hakuna bonde.

Daktari, mama mmoja asiyependa porojo, alimgusa bega. "Pole sana, baba. Hayumo tena. Jaribu nyaya kama kawaida, kisha tuzime mashine ya kupumulia."

Kawaida yenyewe ilikuwa hii: mistari ikinyooka, fundi hujibandika nyaya zilezile mwenyewe, ijulikane kama mashine ya nyaya ni nzima. Siku nyingine Waya huifanya huku akipiga soga. Sasa alijibandika akiomba kimoyomoyo mashine iwe mbovu. Akatazama kioo.

Mistari ilinyooka vilevile.

"Mbovu!" alipiga kelele, karibu alie kwa furaha. "Daktari, ni mbovu!"

Daktari hakubishana. Alimbandika nesi aliyekuwa kando ya kitanda, mistari ikacheza. Akajibandika mwenyewe, ikacheza. Akamrudia Waya, akambandika waya mmoja mmoja kwa mikono yake. Ikanyooka. Akamfinya kidole kwa nguvu. Waya akaguta, na kwenye kioo hakikutikisika kitu.

Nesi alirudi nyuma mpaka ukutani. "Kaka, uko sawa kweli?"

"Niko sawa! Nina njaa, naogopa, nakumbuka dada alivyokuwa akinifunga kamba za viatu." Akaonyesha kioo kwa kidole. "Haya yote yako wapi, daktari, kama humo hayamo?"

"Mashine haidanganyi," daktari alisema, ila sauti yenyewe haikuwa na nguvu.

"Basi na mimi simo?"

Daktari alitoa tochi yake ndogo, akamulika jicho la Waya, kisha la pili. Tochi ile Waya aliijua, na aliwajua wanaomulikwa nayo: watu wanaopimwa kama wamekufa. Kwa mara ya kwanza maishani alijitilia shaka kama yupo.

"Unanisikia?" daktari aliuliza.

"Nakusikia."

Daktari alisogea kitandani, mkono ukaenda kwenye swichi ya mashine ya kupumulia, ukakaa hapo kidogo, kisha akauondoa. Akamwinamia dada mtu, uso kwa uso. Swali lile alikuwa amekwisha kumuuliza asubuhi, harakaharaka, huku akigeuka kuondoka.

"Mama, unanisikia?"

Safari hii alibaki ameinama, akingoja ajibiwe.