Gia ya Mlima

Fundi alikuwa chini ya gari la muuza maziwa, mgongo juu ya kipande cha katoni, akimwaga oili ya injini, pale viatu vya Mwenyekiti viliposimama karibu na kichwa chake. Vilikuwa viatu vyeusi, vimepigwa rangi asubuhi hiyohiyo, na mwenyewe alivirudisha nyuma kidogo visije vikarukiwa.

"Fundi, habari za kazi?"

"Nzuri, Mwenyekiti. Nivumilie kidogo, oili ikishaanza kutoka haimngoji mtu."

Oili ilipoisha kudondoka alijivuta nje, akakaa kitako na kufuta mikono kwa tambara. Mbele ya karakana lilikuwa limeegeshwa gari la zamani lenye umbo la sanduku, lile la kupita porini, magurudumu yote manne yanavuta. Lilikuwa limepakwa rangi ya kijani, lakini jua likilipiga ubavuni, msalaba mwekundu ulionekana chini ya rangi kama kovu chini ya poda.

Hakuna mtu pale mtaani asiyelijua. Lilikuwa gari la hospitali. Siku moja klachi yake iliisha, kazi ya asubuhi moja tu, na kamati ya mali za hospitali ikakaa kikao ikaamua kwamba gari ni chakavu, halifai tena. Aliyeongoza kikao ndiye aliyelichukua. Klachi mpya ilifungwa wiki iliyofuata.

"Linasumbua nini?" Fundi aliuliza.

"Mlima. Halipandi. Linanguruma kama limebeba mawe, likifika kona ya pili linagoma. Inabidi nirudi chini nizunguke njia ndefu kwenda shambani kwangu."

"Mnakuwa wangapi ndani?"

"Mimi na dereva wangu. Na hao wanawake."

Fundi aliuliza ni wanawake gani.

"Wale wa nyuma. Ukivuta ile gia ndogo wanapanda. Wajawazito wote." Mwenyekiti alitazama saa yake. "Sina ugomvi nao, wana adabu, wananiamkia vizuri. Lakini uzito, Fundi! Mimba sita si mchezo. Nataka ubadilishe kila kitu huko chini. Gia boksi yenye nguvu, difu zenye nguvu. Lipande kama halina mtu."

"Kuwashusha umejaribu?"

"Nimewaambia. Wanasema hawajafika."

Fundi alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa, akapokea funguo.

Gari la namna hiyo lina vijiti viwili vya gia. Kile kirefu ni cha gia za kawaida. Kile kifupi ni cha gia boksi ya pili, ndogo, ambayo mafundi huiita transfa. Hiyo ndiyo inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma. Ukikivuta hadi mwisho, gari hutembea polepole kama mzee anayepanda ngazi, lakini hukokota chochote. Pale karakana waliiita gia ya mlima.

Fundi hakufungua nati ya gari lolote kabla hajaliendesha mwenyewe. Basi alilipeleka hadi pale barabara ya hospitali inapoanza kuinuka, akasimama, akavuta kijiti kifupi. Mlango wa nyuma ulifunguka. Wanawake wakaanza kupanda, mmoja akimshika mkono mwenzake, kila mmoja na beseni lake la plastiki lenye nguo za mtoto. Walikaa kwenye mabenchi mawili yanayotazamana. Aliyepanda mwisho alikuwa binti yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Umekonda."

"Kazi tu. Shika hicho chuma, barabara ina mashimo."

Alikuwa amevaa sweta la kijivu alilolivaa mwaka juzi, siku uchungu ulipomshika na majirani wakang'oa mlango wa jikoni, wakamlaza juu yake na kuanza kupanda naye mlima kwa miguu, kwa kuwa gari halikuwapo. Kusema kweli gari lilikuwapo. Liliwapita chini ya kona ya pili likiwa limejaa viti, maana Mwenyekiti alikuwa na wageni shambani. Dereva alipiga honi wampishe, wakampisha. Kwenye kona ya pili binti alisema anasikia baridi, na hakusema tena. Fundi hakugombana na mtu. Walikuwapo waliomwita mpole, na wengine walisema ana moyo mkavu.

Sasa gari lilinguruma, likatambaa, likapita kona ya kwanza. Kwenye kona ya pili likasimama. Injini ilikuwa nzima, haikuzima. Magurudumu ndiyo yaliyokataa.

"Kila siku ni hapahapa," binti alisema kwa nyuma. "Hospitali tunaiona bati zake, basi."

Fundi alishuka, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu, akainama kukagua. Difu ya nyuma, lile boksi la gia lililo katikati ya ekseli, ilikuwa imesaga njia nzima. Pinioni, gia ndogo inayoizungusha difu, ilikuwa imelegea kwenye beringi zake. Gia zenyewe zilikuwa za mwendo mrefu mno kwa mzigo ule. Kichwani mwake mambo yalijipanga moja baada ya jingine, kama yanavyojipanga siku zote: kinachowazuia ni uzito, uzito unashindwa na gia, gia hutengenezwa.

Nyumbani alimkuta mkewe amenyoosha goti lake bovu juu ya kigoda.

"Nimemwona," Fundi alisema.

"Yukoje?"

"Anasema nimekonda."

"Hilo si hata mimi nilikwambia?" Mkewe alijivuta hadi kabatini, akatoa mfuko wenye sweta la mtoto lililoishia kwenye mkono mmoja, sindano zikiwa bado zimechomekwa humo. Alihesabu vitanzi kwa midomo, akaendelea kufuma kutoka pale alipokuwa ameachia.

Kazi ilichukua wiki kadhaa. Fundi alilipandisha gari juu ya magogo, akashusha gia boksi zote mbili, akachomoa ekseli, akafungua difu ya mbele na ya nyuma. Gia boksi mpya aliipata kwenye lori lililopinduka, ya gia tano na ganda nene la chuma. Transfa aliiwekea meno ya mwendo mfupi zaidi. Ndani ya difu aliweka kraunwili, ile gia kubwa ya duara, na pinioni nyingine kabisa, nzito, zilizosagwa pamoja kiwandani na zenye alama moja ili zisije zikaachana.

Hapo ndipo alipokawia. Pinioni ikikaa juu mno au chini mno kwa unene wa karatasi tu, difu italia, na baada ya muda itakatika meno. Fundi alipaka rangi ya buluu kwenye meno ya kraunwili, akaizungusha kwa mkono, kisha akaangalia pinioni imefuta rangi wapi. Ikifuta karibu na ncha ya jino, alifungua tena na kuongeza kibati chembamba. Ikifuta karibu na shina, alifungua tena na kupunguza. Alifungua na kufunga mpaka rangi ikafutika katikati ya kila jino, doa dogo lenye umbo la punje ya mchele.

Gia boksi mpya ilikuwa ndefu kuliko ya zamani, kwa hiyo propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma, ilibidi ikatwe na kuungwa. Hiyo ilikuwa kazi ya jirani yake mchomeleaji, aliyeitwa Cheche, mtu mwenye nyusi zilizoungua na mdomo usiopumzika.

"Sema nikuunganishie hii ikiwa imepinda kidogo," Cheche alisema, akiizungusha propela mikononi. "Kidogo tu, jicho lisione. Kila akipanda mlima, meno yake ya bandia yatacheza ngoma mdomoni."

"Iunge sawa."

"Wewe bwana! Huyu mtu alipiga honi mkiwa na maiti mkononi."

"Alikuwa bado hajawa maiti."

Cheche alishusha kioo chake usoni, akakipandisha tena. "Basi sikiliza. Sasa hivi angalau anausikia uzito wao. Ndicho kitu pekee anachosikia huyo. Ukimwondolea na hicho, umembakishia nini?"

"Nikilitengeneza vibaya hawatafika hospitali," Fundi alisema.

"Ukilitengeneza vizuri, atakayekaa kwenye usukani nani?"

"Siku ya majaribio ni mimi."

Cheche aliiunga sawa. Fundi aliipima kwa uzi, akaipima tena.

Siku ya majaribio mkewe alimkabidhi sweta la mtoto likiwa limekunjwa ndani ya gazeti. Lilikuwa la njano, mikono yote miwili imeisha. "Mwambie halikwaruzi shingoni," alisema. "Nilijaribu kwenye shingo yangu."

Pale chini ya mlima Fundi alivuta kijiti kifupi, na wanawake wakapanda. Binti alilipokea sweta, akalipitisha shavuni, akaliweka juu ya beseni. Gari likapanda. Halikunguruma. Kona ya kwanza, kona ya pili. Mtoto wa mtu angeweza kulala humo ndani. Kona ya pili ilipopita, mmoja wa wanawake alijifunga shuka yake vizuri kama mtu anayekaribia kushuka.

Hospitalini Fundi aliegesha mbele ya mlango wa wodi ya wazazi. Muuguzi wa zamu alitoka na glovu mkononi, akachungulia ndani ya gari.

"Hao ni wa zamani," alisema.

"Huyu ni wa mwaka juzi. Wengine sijui."

"Pole sana, baba. Hapa tunapokea wanaojifungua. Hao wanasubiri tu."

Aliwaelekeza mlango wa nyuma. Mlinzi wa chumba cha maiti alikuwa anakula andazi. Naye alichungulia, akatafuna akamaliza, akasema kwamba yeye hupokea waliolala, na hawa wamekaa.

"Wakilala utawapokea?" Fundi aliuliza.

"Wajaribu."

Walijaribu. Walilala sakafuni mwa gari kwa mpango, vichwa huku, miguu kule, lakini matumbo yaliwazuia, wakashindwa kupumua, wakakaa tena. Mlinzi alisema ndiyo maana yake.

Fundi alirudi kwa muuguzi. Huyo alilitazama gari kwa muda, akapitisha kidole palipokuwa na msalaba.

"Tatizo si wao," alisema. "Walikuwa wanalisubiri gari, na sisi huku tulikuwa tunalisubiri gari. Mpaka leo. Liache hapa. Likilala hapa, nadhani watashuka wenyewe."

Fundi alizitazama funguo kiganjani. Zilikuwa na kipande cha ngozi chenye herufi za jina la Mwenyekiti. Hakuwahi kushindwa kumrudishia mteja funguo zake, na aliona kwamba jambo hilo, alilojivunia tangu ujana, halikuwa na uzito wowote siku hiyo. Alinyoosha mkono ampe muuguzi.

"Baba," binti yake aliita kwa nyuma. "Watakufunga."

"Wanifunge."

"Na gari watalichukua jioni hiyohiyo. Mama atabaki na nani, na goti lile?"

Muuguzi alijua kamati inaongozwa na nani. Fundi alirudisha mkono, akapanda, akawasha gari. Wakati wa kushuka mlima gia mpya zilishika vizuri sana, hata breki hakuzigusa.

Mwenyekiti alikuja kuchukua gari lake Jumamosi, akiwa na dereva na mkokoteni uliojaa viti vya plastiki. Alikuwa na wageni shambani. Alitaka kupanda mlima na Fundi mwenyewe, aone kazi.

Viti vilipakiwa hadi karibu na paa, na pale chini ya mlima dereva akavuta kijiti kifupi. Mlango wa nyuma ukafunguka. Wanawake walitazama ndani, wakaona hakuna nafasi, wakaanza kupanda hivyo hivyo.

"Shikamoo, Mwenyekiti," walisema.

"Marahaba, marahaba. Sogeeni, mtapata. Kila mmoja apakate kiti."

Walipakata. Fundi aligeuka akamwona binti yake kwenye pembe ya nyuma kabisa, kiti mapajani, mguu wa kiti umemwelekea tumboni. Alikuwa amekunja sweta la njano mara mbili na kulichomeka katikati, mguu wa kiti usimchome.

Gari lilipanda. Mwenyekiti alikaa ametega sikio, kisha akacheka, akampiga Fundi bega.

"Mikono yako ni dhahabu, bwana! Umewashusha?"

"Wapo nyuma."

"Wapo?" Mwenyekiti hakugeuka. "Basi umefanya kazi. Siwasikii kabisa."

Fundi alisikiliza. Alitafuta mlio kwenye difu, mtikisiko kwenye propela, kitu chochote, hata kama ni cha kujidanganya. Hapakuwa na kitu. Rangi ya buluu ilikuwa imefutika katikati ya kila jino.

Walipita kona ya pili. Kwenye njia panda bati za hospitali zilionekana upande wa kulia, zikiwaka jua. Dereva alikata kushoto, njia ya shambani, na viti vikaegemea upande mmoja, na huko nyuma kukasikika sauti ya mwanamke akiwaambia wenzake washikilie vizuri, visije vikaanguka.