Elektroni Sabini na Nane za Mbuba

Tecla alikuwa anamenya ndizi uani kwake kijijini Mbuba, elektroni zilipopiga hodi. Zilikuwa sabini na nane, nyepesi kama pumba za mtama, zimekuja mbilimbili, kila moja imempa mwenzake mgongo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona wengi hivyo, na msiba sina?"

Zilieleza kwamba zimetoka kwenye ile dawa mpya ya mnyauko wa migomba. Kompyuta ya kwantamu huko ng'ambo, ilipopiga hesabu kuona kama molekuli ya dawa itavunjika iwe sumu, haikuwa na nafasi ya elektroni zote themanini na sita. Ikachukua nane. Hizi nyingine zikaambiwa zikae kimya, zihesabiwe kana kwamba hazitikisiki.

"Na mnatikisika?"

"Sana, mama."

Tecla alizitandikia mkeka. Hakuziamini, wageni wanaolia kuonewa alishawapokea wengi, na mmoja aliondoka na sufuria. Lakini Wiston, bwana shamba wa mradi wa dawa hiyo, Tecla alimwamini pungufu ya hapo. Dawa yake ingenyunyizwa kwenye migomba iliyo upande wa juu wa kisima wanachonywea wajukuu.

Wiston alifika na bomba la dawa mgongoni, akazikwepa elektroni kwa adabu.

"Mama, usiwe na shaka. Jibu la kompyuta ya kwantamu limelingana na la kompyuta ya kawaida mpaka tarakimu ya nne baada ya nukta!"

"Hiyo ya kawaida ilihesabu elektroni ngapi?"

Wiston akafunua karatasi. "Nane."

"Nane zilezile?"

"Zilezile. Ndiyo maana yakalingana."

"Yaani umemuuliza mwongo, halafu ukahakikisha kwa pacha wake."

Tecla akaingia ndani, akatoka na kikombe, akakinga dawa kutoka kwenye bomba la Wiston.

"Haya, baba. Kwetu aletaye kinywaji huonja kwanza."

Wiston alikitazama kikombe. "Mimi nina vidonda vya tumbo."

"Pole. Wajukuu zangu nao wana matumbo."

Hakuonja, na kwa Tecla hakunyunyiza. Alinyunyiza kwa Danstan, jirani wa juu, mteremko uleule unaoshukia kisimani. Kwenye fomu akaandika: usahihi umefikiwa.

Jioni elektroni nyingine sabini na nane zikateremka kutoka kwa Danstan, mbilimbili. Za kwanza zikajibana mkekani kuzipa nafasi. Tecla akaongeza ndizi chunguni, kisha akachukua ndoo akaenda kuteka maji kisimani, maana kisima kingine hakikuwepo.