Jiko la Upande wa Kushoto

Jumapili moja ya Juni, timu ya besiboli ya mji wa Perley ikiwa nyuma kwa pointi moja, mpigaji wa wageni aliugonga mpira, ukaambaa ardhini hadi nyuma kabisa ya uwanja, upande wa kushoto, ukaingia jikoni.

Jiko lenyewe halikuwapo asubuhi nyasi zilipokatwa. Sasa lilikuwapo: kuta za mbao, mlango wa buluu, bomba la paani, na moshi unatoka. Rogelio Orozco, aliyekuwa akilinda upande ule, alivua kofia akaingia. Alitoka na mpira mkono mmoja na tortilla ya moto, ile chapati ya mahindi, mkono wa pili.

"Rogelio, tubakishie!" mtu alipaza sauti jukwaani.

Mama yake, Hermelinda, alikuwa ameketi kwenye ngazi za mawe, mbegu za alizeti mapajani. Aliutambua ule mlango. Aliupaka rangi mwenyewe mwaka alioolewa, na rangi ikamwishia kabla hajafika chini.

Kocha wa wageni alikuwa tayari uso kwa uso na refa. "Wewe vipi? Mlinzi kaingia nyumba ya watu! Mpigaji wangu azunguke vituo vyote!"

"Kitabu cha sheria hakisemi lolote kuhusu majiko," refa alisema.

"Basi sema wewe!"

Refa akajikuna shingo. "Mpira ukiingia jikoni, vituo viwili. Haya, tucheze."

Wakacheza, na Perley wakafungwa. Baada ya mechi, Vernon Tuttle, muuza matrekta na mwenyekiti wa kamati ya uwanja, alilizunguka jiko pamoja na mkata nyasi.

"Linang'oka hili?"

"Lina msingi, bosi. Mzuri kuliko wa jukwaa."

Hermelinda aliwafuata akipita nyasini, viatu mkononi. "Bwana Tuttle, hili jiko ni langu. Mlilibomoa mjenge uwanja."

"Sibishi, mama. Ila limesimama uwanjani, na uwanja ni wa mji."

"Naweza kuingia?"

Tuttle hakuwa mtu mbaya. Alieleza kwamba siku za mechi watazamaji hawaruhusiwi kukanyaga nyasi, na siku nyingine geti hufungwa. Kisha akafikiri, akapata njia: wangemhesabu kama msaidizi wa mkata nyasi. Akamvika kofia ya timu.

Hermelinda aliingia jikoni kwake na ile kofia kichwani. Juu ya moto kilikuwapo chungu cha maharage aliyoyainjika asubuhi ile lilipokuja tingatinga la kubomoa, ambalo halikumsubiri. Akatafuna punje moja. Bado ngumu. Nyuma ya mlango lilining'inia shati la Anselmo, mumewe, aliyekwisha kuzikwa zamani, kwapa zikiwa mbichi kwa jasho. Alilibana usoni mpaka Rogelio akakohoa nje.

"Mama, uko salama?"

"Niletee maji. Haya maharage yanakauka."

Julai kikatokea chumba cha kulala cha akina Villaseñor, majirani wake wa zamani, karibu na kituo cha pili, kisha banda la kuku la Petra Lucio, nyuma ya mrushaji. Kila kimoja kilipata sheria yake. Mpira ukiingia uvunguni, mkimbiaji asimame alipo. Kuku akiudaka, haihesabiki. Familia zilizohamishiwa ng'ambo ya reli uwanja ulipojengwa zilikuja kila Jumapili na kofia za timu, wakafagia vyumba vyao wakati timu zinabadilishana zamu, wakatoka refa alipowapungia mkono. Kulala hawakuruhusiwa.

Umati ukaongezeka. Agosti kamati ikapaka upya kibao cha getini, na Rogelio akamsomea mama yake: uwanja ulifunguliwa mwaka 1951 kwa jitihada za wananchi, juu ya kiwanja kilichokuwa kitupu, una jukwaa la mawe, paa la mbao za karakana ya zamani ya treni, taa ndefu kuliko mnara wa kanisa, na ndio pekee katika jimbo zima la Kansas wenye jiko uwanjani.

"Kitupu?" Hermelinda aliuliza. "Soma tena."

"Nimeshakusomea mara mbili, mama. Hakibadiliki."

Siku ya mechi ya mwisho ya msimu, maharage yakaiva. Tuttle alipita kuwashukuru wasaidizi, akainamisha kichwa mlangoni, akakaribishwa sahani. Alikula polepole, kisha akaongeza.

"Matamu kweli haya. Hivi mama, wewe kwenu hasa ni wapi?"

"Hapa."

"Hapana, nina maana zamani. Kabla ya uwanja."

"Hapa."

Tuttle akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu ambaye hakusikia vizuri na anaona haya kuuliza tena. Akafuta sahani kwa kipande cha tortilla, akamshukuru, akamkumbusha kwamba geti linafungwa saa kumi na mbili.

Hermelinda akaosha sahani, akaifudikiza ikauke, akauzima moto uliobaki kwa maji. Kisha akatoka pamoja na watu wengine.