Akiba ya Wodi

Msimamizi wa stoo ya dawa ya hospitali tulimwita Mama Funguo, kwa kuwa funguo zote za stoo zilining'inia kiunoni mwake na hakumwamini mtu, sembuse kompyuta. Mimi, mwanafunzi wa chuo kikuu niliyekuja kwa mafunzo ya vitendo, nilikuwa nimeunda mfumo unaohesabu kila boksi linalotoka na kuagiza jingine kabla halijaisha. Mganga mkuu alitupa muda hadi Ijumaa. Mama Funguo asiporidhika, mfumo ungeng'olewa.

Kabla wiki haijafika katikati, kompyuta ilikuwa ikiagiza insulini maradufu.

"Mwanangu," alicheka Mama Funguo, "mashine yako inadhani tunalisha jeshi?"

Nikapita wodini. Katika wodi ya wanawake nilizikuta chupa za insulini zimefichwa nyuma kabisa ndani ya friji, katika kopo la chakula cha mchana.

"Usiguse!" muuguzi mkuu alinikemea. "Hiyo ndiyo roho ya wodi. Tuliwahi kuishiwa, tukabaki tunatazamana na mgonjwa."

Basi kila wodi ilichukua zaidi ya mahitaji yake na kuficha ziada, na kompyuta ikadhani yote yametumika. Nilikuja nikiwa tayari kukamata wezi. Nilichokuta ni woga, na woga haunyang'anywi. Nikaisajili akiba ya kila wodi kwenye kompyuta kama stoo ndogo, kwa ahadi moja: chupa haiondoki bila idhini ya wenyewe.

Ijumaa asubuhi wodi ya watoto ilipiga simu. Mtoto ameletwa hajitambui, sukari imepanda mno. Friji ya stoo ilikuwa tupu; wodi zilikuwa zimeshachukua insulini yote. Gari la dawa lilikuwa bado njiani.

"Haya, msomi," Mama Funguo alisema, safari hii bila kucheka. "Skrini inasemaje?"

"Wodi ya wanawake wanazo."

Akampigia simu muuguzi mkuu wa wodi hiyo. "Dada, nakuomba, sikunyang'anyi."

"Zitarudi?"

"Gari likifika, wa kwanza ni wewe. Kompyuta imeshaandika, hata mimi siwezi kufuta."

Chupa zilifika wodi ya watoto kabla daktari hajamaliza kutundika dripu. Adhuhuri tukaambiwa mtoto amefumbua macho na anamdai mama yake maji.

Mama Funguo akachagua ufunguo mdogo, akafungua droo yake ya chini, akaondoa sweta lililokunjwa. Chini yake zilijipanga dawa za pumu.

"Isajili na hii," alisema bila kunitazama. "Ila andika ni yangu."