Chumba cha Juu ya Dobi

Ofisi ya wakala wa safari ilikuwa na viti vitatu, feni iliyokohoa kila ilipogeuka, na juu ya meza, mfano wa meli ya watalii wenye urefu wa kitanda cha mtoto. Ubavu mmoja wa meli ile ulikuwa umeondolewa ili mteja aone vyumba kwa ndani: vitanda vilivyotandikwa, vioo, mapazia yasiyozidi ukucha. Sehemu ya chini kabisa haikufunuliwa. Ilipakwa rangi nyeusi, na rangi yenyewe ilikuwa imeanza kutoa malengelenge.

Mjane wa dobi alikaa kiti cha katikati, mkoba mapajani. Binti yake muuguzi, ambaye ndiye aliyekuwa akimpeleka mapumzikoni, alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyeacha sufuria motoni.

"Chukua chenye roshani, Mama. Unaamka, unavuta pazia, bahari hiyo hapo."

"Bahari nitaiona tu. Kubwa vile, itajificha wapi?"

Karani alicheka, akachukua kijiti chake cha kuonyeshea. Vyumba vya mbele, alieleza, hupanda na kushuka kama pembea. Mwenye tumbo jepesi asivikaribie. Vya katikati hutulia. Chini ya ukumbi wa muziki utakanyagwa kichwani mpaka alfajiri. Mjane alisikiliza yote, akiitikia kwa kichwa. Alikuwa mtu wa kununua nyanya akizigeuza moja moja.

"Na huku chini?" aliuliza.

"Huko si kwa abiria, Mama. Ni mitambo, stoo, na dobi, pa kufulia mashuka."

Kwenye lengelenge moja palikuwa panatoka mvuke mwembamba. Mjane alichomoa pini nywelini, akakwangua. Rangi ilibanduka kama ganda la yai. Ndani palikuwa na taa moja na chumba kisicho na dirisha, na mwanamume wa kimo cha njiti ya kiberiti alikuwa akihangaika na shuka. Bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka kuliko la kulia. Alikuwa mumewe, aliyefia kazini kwenye meli hiyo akarudishwa akazikwa. Sanda aliichagua mjane mwenyewe.

"Baba huyo," binti alisema, akisogeza miwani. "Amekonda."

"Ndivyo alivyokuwa."

Karani naye aliinama kutazama. "Tunapaka kila mwaka, lakini haishiki. Ni unyevu." Alipangusa mvuke kwa kitambaa. "Kampuni haijapata wa kushika nafasi yake. Kazi ngumu ile, vijana hawaitaki."

Mjane hakuwa akimsikiliza. Alikuwa akiliangalia lile shuka. Shuka la kitanda kikubwa si la kukunjwa na mtu mmoja. Miaka yote, uani kwao, yeye alishika pembe mbili na mumewe mbili. Wakavuta, wakakung'uta, wakasogeleana kama watu wanaosalimiana, mmoja akampa mwenzake pembe zake na kurudi kuokota mkunjo. Hata siku walizoamka wamenuniana, hawakufika shuka la tatu bila kusema, maana huwezi kukunja na mtu usimwambie vuta, usimwambie legeza. Sasa mumewe alikuwa amebana ncha kwenye mlango. Alipovuta, ikachomoka. Akaenda, akaiokota, akaibana tena.

"Nataka chumba kilicho juu yake," mjane alisema.

"Hicho hakina dirisha, Mama. Kina joto, na sakafu inatetemeka. Nisikufiche, ni kibaya kuliko vyote. Hapa juu kidogo nina kimoja chenye kidirisha…"

"Mama jamani!" binti aliingilia. "Mimi nikeshe na wagonjwa, wewe ukalale juu ya pasi?"

"Lala wewe kwenye roshani, mwanangu. Ukiona nyangumi, niite."

Kisha akauweka mkoba wake mezani, mbele ya chumba alichokitaka. Binti aliutazama, akamgeukia karani.

"Mwandikie. Huo mkoba ukishakaa, umekaa."

Siku ya safari, melini, chumba kilikuwa kama alivyoambiwa. Kando ya kitanda, sakafuni, palikuwa na tundu la hewa lenye wavu. Meli haijatoka bandarini, mjane alikuwa ameshafungua wavu kwa sarafu na kupiga magoti.

"Baba watoto!"

"Naam."

"Nipe ncha."

Pembe mbili za shuka zilipanda, zina joto. Akazishika, akasimama.

"Vuta," sauti ilisema.

"Nimevuta. Legeza."

"Umechelewa."

"Nilikuwa nakulelea watoto."

Asubuhi ya pili binti alishuka kumwita aje kuona pomboo. Alimkuta mama yake amejifunga kanga kiunoni, shuka linapanda, shuka linateremka. Alinuna kidogo. Kisha akapandisha mikono ya blauzi, akaketi kitandani na kuanza kukunja mataulo.

"Nani huyo?" sauti iliuliza.

"Mimi, Baba."

"Umetoka nje? Hebu niambie, bahari ikoje leo?"

"Imetulia. Kama shuka lililopigwa pasi."

"Aa, hiyo naijua. Niambie rangi."

Binti alipanda juu, akatazama, akarudi akamwambia. Ikawa ndiyo kazi yake kila siku, kuleta rangi.

Mkuu wa wahudumu aliona mashuka yanakuwa tayari kabla ya chakula cha mchana. Alikuja kubisha hodi mwenyewe, kofia mkononi, akatoa shukrani za kampuni. Kwa kuwa dobi sasa ilikuwa na nafasi, alisema, mashuka ya vitanda vyote yangebadilishwa asubuhi na jioni. Tangazo lilipotolewa ukumbini, abiria walipiga makofi.

"Na yeye mtamwachia lini?" mjane aliuliza.

"Tukishapata wa kushika nafasi yake, Mama."

Alipokuwa akisema hivyo, aliitazama mikono ya mjane. Mjane aliendelea kukunja.

"Unanitazama bure, baba. Mimi ni abiria, nimekatiwa tikiti. Jibu nililokuuliza."

Mkuu wa wahudumu alivaa kofia yake, akaenda zake. Chini, rundo la jioni lilikuwa limeshaletwa.

"Vuta," sauti ilisema.

Akavuta.

Waliporudi nyumbani, mjane alifua nguo za safari, akaoga, akalala. Siku iliyofuata alikuwa kwenye ofisi ya wakala kabla feni haijawashwa. Sehemu ya chini ya meli ilikuwa imepakwa upya, nyeusi ya kung'aa, na tayari ilikuwa imetoa lengelenge moja. Karani alichukua kijiti chake, akamwona ni nani, akakirudisha mahali pake. Mjane aliketi kiti cha katikati, akauweka mkoba mezani.