Furushi la Packie

Baba mkubwa wangu Malachy ana hadithi moja tu, na kila mwaka lazima tuisikie. Siku ya Misa ya kumkumbuka Packie, babu yake, ukoo mzima unajaa nyumbani kwake, tunakunywa chai, tunakula mikate ya nyama ya nguruwe, halafu yeye anagonga kikombe kwa kijiko.

"Miaka kumi na miwili!" anaanza. "Kasimama sokoni Strabane kama ndama, wakulima wanampapasa mikono!"

Enzi hizo, huku Ireland, watoto wa maskini walipelekwa sokoni kuajiriwa vibarua; mkulima akishakuchagua, anachukua furushi lako la nguo analifungia kashani, usije ukatoroka. Packie alivumilia msimu mmoja wa baridi. Kisha akavunja kasha, akabeba furushi lake, akatembea peku mpaka kwao Donegal.

"Aliyeshika furushi lako kashika shingo yako," Malachy anamalizia. "Sisi hatushikwi!"

Makofi. Furushi lenyewe limetundikwa ofisini kwake, chumba cha pili, ndani ya fremu ya kioo.

Mimi niliacha shule nikiwa na miaka kumi na sita. Sijui vitabu. Hadithi hiyo ndiyo kitabu changu, na niliiamini kuliko Misa yenyewe. Ndiyo maana mwaka huu nilitaka kumtapikia.

Malachy analima uyoga, mimi namwendeshea gari la mizigo. Wachumaji kumi na mmoja wametoka mbali, wanalala kwenye vibanda vya bati nyuma ya mabanda ya uyoga. Asubuhi ile, kabla ya Misa, nilimkuta Lilia, Mmoldova, amekaa juu ya kreti, kisu cha kuchumia bado mkononi.

"Mama amekufa," akasema. "Wanazika Jumamosi. Bosi anasema mpaka msimu uishe. Pasipoti anayo yeye."

"Anayo kivipi?"

"Zetu zote. Droo ya ofisini."

Huku kwetu mtu akifa, hata adui yako anakuja kukupa mkono. Unafunga duka, unaacha nyasi ulizokata zinyeshewe, unakwenda. Na huyu ananyimwa kumzika mama yake!

Basi Malachy alipofika kwenye "hatushikwi", nikaingia na Lilia, na aproni yake, na harufu ya mbolea. Makofi yakakatika.

"Cathal," akasema Malachy, anatabasamu kwa meno tu. "Mpeleke jikoni mgeni akapate chai."

"Hataki chai. Anataka pasipoti yake."

"Tutaongea kesho, kijana."

"Kesho mama yake anaoza. Mpe!"

Shangazi mmoja akajifanyia ishara ya msalaba. Malachy akawageukia watu. "Nawatunzia tu. Wangezipoteza, hawa. Ni kwa usalama wao."

Hapo Bibi Nuala, mama yake, binti wa Packie mwenyewe, akaweka kikombe chini. Ana miaka themanini na sita na ulimi wa wembe.

"Malachy, yule mkulima alimwambia baba yangu nini alipolifungia furushi?"

"Mama, usianze."

"Alimwambia, 'Nakutunzia.' Kila mwaka unairuka sehemu hiyo, nilidhani unasahau. Fungua droo."

"Hii nyumba yangu!"

"Na mimi nilikuzaa bila pasipoti, mjinga wewe. Fungua."

Hakusogea. Akatia mkono mfukoni, akaushikilia ufunguo humo humo kama mtoto na peremende. Watu wote walioimba kanisani wakawa wanaangalia mikate yao. Huo ndio ukoo usioshikwa!

Nikaingia ofisini. Nikachukua chuma cha kuchokolea moto, nikapachika kwenye droo, nikavuta mpaka mbao ikalia. Pasipoti kumi na moja, zimefungwa kwa mpira kama karata.

"Huna kazi!" akapiga kelele mlangoni. "Nitaita polisi!"

"Waite. Waeleze droo ilikuwa na nini."

Kisha nikageukia ukuta, nikapiga kioo. Kile kitambaa cha furushi, cha mirabamiraba, kilinuka vumbi. Nikatoa shati la Packie, nikamwekea Bibi Nuala mapajani, nikafunga pasipoti zote ndani ya kitambaa, mafundo mawili. Nikampa Lilia.

"Wagawie wenzako," nikamwambia. "Halafu panda gari. Uwanja wa ndege wa Dublin mbali."

Akalikumbatia furushi, akatoka mbio kuelekea vibandani. Nyuma yangu hakuna aliyepiga makofi.